Misingi ya Kusimamia Mradi: Kazi, Muda na Fedha Jijini Nairobi

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, ifanywayo mara moja ili kuleta kitu ambacho hakikuwepo. Kuendesha matatu kutoka Kangemi hadi katikati ya jiji la Nairobi kila alfajiri si mradi, ni shughuli. Kuinunua matatu hiyo, kuiundia bodi, kuitafutia leseni na kuiingiza barabarani ni mradi, kwa sababu ipo siku itakayosemwa kwamba kazi imekwisha. Shughuli hujirekebisha kwa mazoea: kosa la Jumatatu husahihishwa Jumanne. Mradi hauna nafasi hiyo. Hufanywa na watu ambao huenda hawajawahi kufanya kazi pamoja, na makosa yake mengi hugunduliwa zege ikiwa imeshakauka.

Kila mradi hubanwa na mambo matatu: kazi yenyewe, muda na fedha. Likiongezwa moja, mengine huguswa. Vitabu vingi huishia hapo, kwa picha ya pembetatu yenye pande sawa, na picha hiyo hupotosha. Katika mradi halisi pande hazilingani. Daima lipo jambo moja lisilosogea, na yale mengine mawili ndiyo hurefushwa au kukatwa. Kamati ya harusi, iwe Lavington au Kawangware, hulijua hili bila kusomea: kadi zimeshatoka, tarehe haisogei, michango ikilegea, mahema, keki na idadi ya magari ndivyo hupunguzwa. Kazi ya kwanza ya meneja wa mradi, kabla ya ratiba na kabla ya bajeti, ni kumfanya mwenye mradi atamke ni lipi kati ya hayo matatu halitasogea. Asipotamka, jibu litajitokeza lenyewe siku pesa zitakapokwisha, na mara nyingi kitakachokatwa ndicho alichokithamini zaidi.

Tarehe isiyosogea

Mfano ulio wazi kuliko yote umesimama katikati ya jiji. Mnara wa jumba la mikutano la KICC ulianza kujengwa mwaka 1967 ukikusudiwa kuwa makao makuu ya chama tawala, KANU. Wasanifu wake walikuwa Karl Henrik Nøstvik, raia wa Norway, na David Mutiso, msanifu mkuu wa serikali katika wizara ya ujenzi. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa jengo la kiasi. Kisha ikaamuliwa kwamba mkutano mkuu wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ufanyike Nairobi Septemba 1973, mara ya kwanza kwa mkutano huo kuja Afrika. Mradi ukapata kitu ambacho haukuwa nacho: siku isiyoweza kuahirishwa na yeyote nchini. Wajumbe wa mataifa zaidi ya mia moja wangetua, ukumbi uwepo au usiwepo.

Kazi ikakua. Ofisi za chama zikageuka mnara wa ghorofa 28 wenye kimo cha mita 105, pamoja na ukumbi mkuu wa mikutano na ukumbi wa duara wenye paa lililochongoka. Jomo Kenyatta alilifungua jengo hilo Septemba 1973, na tarehe 24 mwezi huohuo Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, akahutubia mkutano jijini kuhusu umaskini uliokithiri, hotuba ambayo bado inatajwa katika historia ya benki hiyo.

Kubadilisha ukubwa wa kazi ujenzi ukiendelea huua miradi mingi. Mabadiliko ya KICC hayakuua mradi kwa sababu yalikuwa uamuzi mmoja mkubwa wa mwenye mradi, si matakwa madogo hamsini ya kila aliyepita kukagua. Wasanifu walikuwa walewale. Na tarehe, ambayo ndiyo iliyofungwa, ilijulikana na kila mtu. Kilichoachiwa kisogee kilikuwa ukubwa na, pamoja nao, gharama. Mwenye kujenga nyumba za kupangisha Kilimani kwa mkopo wa benki hana nafasi ya kuiga. Kwake fedha ndiyo iliyofungwa, na akiiga tu ule uhodari wa kuongeza ghorofa njiani, atabaki na nguzo zilizochomoza nondo juu ya paa kwa miaka.

Karatasi kabla ya jembe

Mradi mzuri huanza na hati fupi. Kurasa mbili zinatosha: kitakachokabidhiwa, mwenye mradi, mwenye kuidhinisha malipo, kiasi cha fedha, siku ya mwisho, na orodha ya mambo ambayo hayamo. Sehemu hii ya mwisho ndiyo huokoa urafiki. Ukuta wa kiwanja, tangi la maji, barabara ya kuingilia, kuunganisha maji taka: kila mmoja hudhani mwenzake ameyahesabu.

Hati hiyo hiyo hutaja masharti yanayopaswa kutimizwa kabla ya kuchimba. Nairobi, maana yake ni hatimiliki iliyothibitishwa kwenye masijala ya ardhi, kibali cha Kaunti ya Jiji, leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, pale sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inapoidai, na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2011. Wengi huviona vibali hivi kama usumbufu wa kupishwa kwa njia ya mkato. Mtazamo huo hubadilika mtu akitazama upande wa Upper Hill. Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua pale ujenzi wa The Pinnacle, mnara uliotarajiwa kuwa mrefu kuliko yote barani. Shimo la msingi likachimbwa. Mzozo wa umiliki wa ardhi ukaingia mahakamani, na ujenzi ukasimama. Hakuna ratiba, hata iliyochorwa kwa ustadi gani, inayoweza kuponya swali la kiwanja ni cha nani.

Kuvunja kazi na kuipanga

Maneno “kujenga nyumba” hayapangiki. Kazi huvunjwa vipande hadi kila kipande kipate mtu mmoja wa kukijibia, bei moja na alama ya wazi ya kwamba kimekwisha. “Kazi ya mabomba inaendelea vizuri” haina maana kwenye ripoti. “Mabomba ya ghorofa ya kwanza yamejazwa maji na hayavuji” inayo.

Nyumba ya kupangisha ya ghorofa mbili Kangemi inatosha kuonyesha jinsi vipande hivyo vinavyofuatana. Magharibi mwa jiji ardhi kwa kawaida ni udongo mwekundu, na msingi huchimbwa bila vita kubwa. Mashariki na kusini, kwenye udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, fundi hulazimika kwanza kuuondoa udongo wote hadi afikie ardhi ngumu, na hilo ni fungu la fedha na wiki ambazo jirani wa Kangemi hazijui. Kwa hiyo makadirio hayanakiliwi kutoka kiwanja kimoja hadi kingine hata mchoro ukiwa uleule.

Baada ya msingi huja kuta, kisha slabu. Hapa muda una sheria yake. Zege hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, na miti ya kuegemeza slabu haiondolewi kwa sababu tu mwenye nyumba ana haraka. Majengo yamewahi kuwaangukia watu mjini humu kwa pupa ya namna hiyo. Siku hizo za kungoja si za kukaa bure. Mafundi wa jua kali huweza kuchomelea madirisha na milango ya chuma. Maombi ya stima huweza kupelekwa Kenya Power. Vigae huweza kuchaguliwa. Kazi hizi zina nafasi: zikichelewa wiki moja, nyumba haichelewi. Slabu haina nafasi. Ikichelewa siku moja, nyumba nzima imechelewa siku moja.

Mfululizo wa kazi zisizo na nafasi, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ndio uti wa mgongo wa ratiba. Wazo hili lilipewa hesabu zake Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye kampuni ya kemikali ya DuPont na, karibu wakati uleule, kwenye mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la wanamaji. Kabla ya hapo, katika muongo wa 1910, Henry Gantt alikuwa ameeneza chati ya mistari ya mlalo ambayo bado hubandikwa kwenye vibanda vya mabati vya ofisi za mjengo. Chati ya Gantt huonyesha lini kila kazi inaanza na kuisha. Mfululizo ule huonyesha ni kazi ipi ya kukesha nayo. Meneja mwenye saa chache kwa siku anahitaji cha pili zaidi ya cha kwanza, na wengi hujishughulisha na kinyume chake: huhangaika na rangi ya vigae huku simiti ya slabu haijaagizwa.

Mvua nayo huandikwa kwenye ratiba. Nairobi hupata mvua ndefu kati ya Machi na Mei na fupi kati ya Oktoba na Desemba. Kuchimba msingi Aprili kunawezekana, ila siku za kazi katika mwezi huo zisihesabiwe kama za Januari.

Kuhusu mikutano hakuna mengi. Mkutano mmoja mfupi kila wiki, wakisimama, palepale kwenye kazi, unashinda mitatu ya hotelini. Kila mwenye kipande anajibu nini kimekwisha, nini kimekwama, na anahitaji nini na kwa nani. Yanayoamuliwa huandikwa siku hiyohiyo, hata kama ni kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu agizo la mdomo hukanwa malipo yanapofika.

Fedha na hatari

Bajeti ya ujenzi hutoka kwenye orodha ya vipimo na bei, ambayo kila fundi wa Nairobi huiita BQ. Inaeleza ni mita ngapi za ukuta, tani ngapi za nondo, lori ngapi za mchanga. Thamani yake kubwa huonekana kazi ikiwa imeanza: mkandarasi hulipwa kwa kilichopimwa, na akidai nyongeza, bei yake imeshakubaliwa. Anayejenga bila BQ hulipa kwa makisio, na makisio huegemea upande wa mwenye kuomba pesa.

Juu ya jumla hiyo huwekwa akiba ya dharura, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10. Akiba hii si pesa za kupendezesha. Ni bei ya mambo ambayo yameshatajwa kwenye orodha ya hatari: nondo kupanda bei, mwamba chini ya msingi, mkopo kuchelewa. Kila hatari huandikwa pamoja na mtu atakayeibeba ikitokea, na hapo ndipo miradi mikubwa hujadiliana kwa miezi.

Barabara ya Nairobi Expressway, yenye kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni funzo zuri kwa hili. Serikali, kupitia Mamlaka ya Barabara Kuu, haikuijenga kwa bajeti ya kawaida. Kampuni ya Kichina ya CRBC iliijenga kuanzia 2020 kwa fedha ilizotafuta yenyewe, ili kampuni yake tanzu ikusanye ada za magari kwa miaka 27 kabla ya kuirudisha kwa umma. Kwa mpango huo hatari ya kuchelewa ilihamia kwa mjenzi, kwa kuwa kila mwezi barabara ikiwa haijafunguliwa ni mwezi bila ada. Magari yaliruhusiwa kupita kwa majaribio Mei 2022, kasi isiyo ya kawaida kwa kazi ya ukubwa huo katikati ya jiji lenye msongamano.

Lakini hatari haifutiki kwa kuhamishwa. Hugawanywa tu, na wakati mwingine hurudi kwa mlango wa nyuma. Mradi uligharimiwa kwa dola huku madereva wakilipa kwa shilingi. Shilingi iliposhuka thamani, ada zilipandishwa Januari 2024. Hatari ya ujenzi ilikuwa ya mkandarasi. Ya sarafu ikaishia mfukoni mwa mtu wa Westlands anayewahi uwanja wa ndege. Aliyesoma mgawanyo wa hatari tangu mwanzo hakushangaa.

Kujaribu kabla ya kujenga

Si kila mradi unaweza kuchorwa kikamilifu mapema. Jengo linaweza, huduma mpya ambayo hakuna aliyewahi kuitumia haiwezi. Kwa miradi ya aina hii, kinachofungwa ni fedha na muda wa jaribio dogo, na kazi yenyewe ndiyo huachwa isogee kufuata kitakachoonekana.

M-Pesa, huduma ya Safaricom, kampuni yenye makao makuu kando ya Waiyaki Way, haikubuniwa kuwa kile ilicho leo. Wazo la kwanza, lililosimamiwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone na kusaidiwa na mfuko wa serikali ya Uingereza, lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Jaribio lilianza Oktoba 2005 pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, likiwa na wateja wasiofika 500. Wateja wakaanza kutumia huduma kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye hati: kuwatumia jamaa pesa, kuweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walikofika, kulipana wao kwa wao. Upande wa mikopo, kuoanisha hesabu za simu na za taasisi kukawa kazi nzito.

Wasimamizi wakafanya jambo gumu: wakaacha mikopo, sababu ya mradi kuanzishwa, wakashika lile wateja walilolichagua. Huduma ilizinduliwa Machi 2007 ikiwa na ujumbe mmoja tu, kutuma pesa nyumbani, na kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni moja. Lau wangeanza na wateja laki moja na mkataba usiobadilika, wangekabidhi kwa wakati mfumo wa mikopo ambao haukuhitajika.

Wasio kwenye mkataba

Mwenye mradi, mkandarasi na mfadhili hujuana kwa mikataba. Wapo wengine ambao hawakutia sahihi popote na wanaweza kuusimamisha mradi. Oktoba 1989 Profesa Wangari Maathai alianza kuandika barua kupinga jumba la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, likiwa na uungaji mkono wa chama tawala. Wabunge walimshambulia bungeni. Wafadhili wa nje wakasita, mpango ukapunguzwa, kisha ukaachwa kabisa. Kwa upande wa wasimamizi wa jumba hilo, kosa lilikuwa la kiufundi kama lilivyokuwa la kisiasa: walihesabu idhini ya walio juu na kuwaacha nje wanaolala kwenye nyasi za bustani siku za Jumapili.

Tangu Katiba ya 2010 ushirikishwaji wa umma ni takwa la kisheria kwa miradi ya serikali, ingawa mara nyingi hufanywa kama sherehe ya kutimiza wajibu. Novemba 2020 mti wa mugumo wenye umri wa takriban karne moja, uliokuwa kwenye njia ya Expressway pale Waiyaki Way, Westlands, ulinusurika kwa agizo la rais baada ya wanamazingira kupaza sauti. Mti huo ungeweza kuonekana na yeyote aliyepita na mchoro mkononi mwaka mmoja kabla. Kukwepa mti kwenye karatasi ni kufuta mstari. Kuukwepa matingatinga yakiwa yameshafika ni kubadilisha kazi katikati ya ratiba. Kwa sababu hiyo orodha ya watakaoguswa hutengenezwa mapema, kwa kutembea njia nzima kwa miguu, na kumuuliza kila mmoja atapoteza nini.

Makabidhiano

Kitu kinaweza kumalizika bila mradi kumalizika. Kituo cha matatu cha Green Park, jirani na Uhuru Highway, kilijengwa na Idara ya Huduma za Jiji, NMS, ili magari ya Ngong Road na Lang’ata yaishie hapo badala ya kuingia katikati ya jiji. Lami, vibanda na taa vilikuwepo, majaribio yakafanywa. Hata hivyo NMS ilipomaliza muda wake mwaka 2022, kituo kilikuwa bado hakijashika kazi kama kilivyopangwa. Kujenga kituo ni kazi ya mkandarasi. Kumfanya abiria ashuke Green Park na kutembea hadi Tom Mboya Street, na kumfanya mwenye matatu akubali kuacha steji aliyoizoea, ni kazi nyingine yenye bajeti na ratiba yake, na huwa haipo kwenye BQ.

Makabidhiano yenyewe hufanywa kwa ukaguzi wa chumba kwa chumba, mwenye mradi na mkandarasi wakiandika pamoja kila kilichobaki: bawaba iliyolegea, tundu la stima lisilo na moto, bomba linalotiririka. Sehemu ya malipo, kwa kawaida asilimia 5 au 10, hushikiliwa kwa miezi sita hadi kumi na miwili, ili nyufa zitakazojitokeza mvua ya kwanza ikinyesha zirekebishwe na aliyezisababisha. Pamoja na funguo hukabidhiwa michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa hasa, si lilivyokusudiwa, ikionyesha mabomba na nyaya zilikopita, na orodha ya namba za mafundi. Mkandarasi akikabidhi funguo bila michoro hiyo, malipo ya mwisho hayatiwi sahihi.